Kununua domeini kwa eskro bila kulizwa: maswali ninayoulizwa kila siku hapa Mwanza

Mwangaluka wakuu. Mi natengeneza websaiti na imeili za ofisi hapa mjini, ofisi yenyewe ni meza moja kwenye korido ya stationari maeneo ya Makoroboi, na wiki haipiti bila mtu kukaa kwenye kile kiti cha plastiki akaniuliza "jina la websaiti (domeini) ninalolitaka limeshachukuliwa, mwenyewe anasema anauza, nimtumie hela?" Nimechoka kujibu kwa voisi za WhatsApp za dakika nane nane, kwahiyo nimeandika yote hapa, ukiniuliza nakutumia linki tu. Mifano mingi ni ya mteja wangu mmoja, mama anayefungasha dagaa wa Ukerewe kwenye pakiti, alinunua dotcom ya jina la biashara yake kwa dola 1,800 toka kwa jamaa wa Kanada. Kaniruhusu niseme habari zake ila jina lake nisilitaje.

Eskro ni nini hasa?

Ni mtu wa kati anayeshika hela mpaka mzigo ufike. We mnunuzi unampa yeye hela, muuzaji anaambiwa hela ipo toa mali, mali ikishafika mkononi kwako na umeikagua ndo hela inaenda kwa muuzaji.

Na kwa watu wa huku wala sio kitu kigeni. Nenda Mwaloni Kirumba asubuhi uangalie watu wanavyouziana dagaa. Gunia limeshonwa, juu unaona dagaa wamekauka vizuri wanang'aa, mnunuzi mgeni anatoa hela anabeba, akifika Kahama anakuta nusu ya chini ni mchanga na dagaa waliolowa mvua. Mnunuzi mzoefu hafanyi hivo. Hela inakaa kwa mtu ambae wote wawili wanamwamini, mara nyingi mama wa chai, gunia linamwagwa kwenye turubai, linachambuliwa, likiwa sawa ndo mama anafungua fundo la kanga anatoa hela. Eskro ni huyo mama wa chai, tofauti ni kwamba yeye ana leseni na anachukua asilimia yake.

Msichanganye na dalali lakini. Dalali anakutafutia mteja, anasukuma bei, anaweka cha juu. Wa eskro hajui hata kama umepigwa bei, yeye anasoma mlichoandikiana tu, na ndo mana mlichoandikiana kinatakiwa kiwe kimenyooka.

Kwani nikimtumia muuzaji hela moja kwa moja kuna shida gani?

Shida ni kwamba mmoja lazima atangulie. Ukitangulia we kutoa hela anaweza kupotea, akitangulia yeye kutoa jina unaweza kupotea we. Mali kauli inafanya kazi kwa mtu unayejua kwao, sio kwa mtu unayemjua kwa picha ya profaili.

Mi mwenyewe nililizwa kabla sijapata akili. Jamaa alikuwa anauza jina, akanitumia skrinshoti ya akaunti yake, jina linaonekana kabisa limekaa pale, tukaongea siku nne tukawa kama washkaji, nikamtumia dola 350 ya mteja wangu. Siku ya kwanza akasema mtandao unasumbua. Siku ya pili tiki ikabaki moja ya kijivu mpaka leo. Skrinshoti alikuwa kaitengeneza tu, jina halijawahi kuwa lake. Hela ya mteja nikairudisha kutoka mfukoni kwangu kwa miezi mitano na hiyo ndo ada yangu ya shule.

Na sio mnunuzi tu anayeogopa. Mtu anaweza kukulipa kwa kadi, jina ukamkabidhi, baadae akaenda benki kwake kulalamika kwamba hayo malipo hayatambui, hela ikavutwa kwako na jina keshalihamisha. Wauzaji makini wanaikubali eskro haraka kuliko wanunuzi.

Hatua zikoje toka mwanzo mpaka mwisho?

Mnakubaliana masharti kwanza, jina gani, bei gani, nani analipa chaji, siku ngapi za ukaguzi, jina linahamishwa kwa njia gani. Mmoja anafungua dili kwenye websaiti ya eskro, mwenzake anaingia na kukubali. Alafu we unalipa. Eskro wanahakikisha hela imeingia kweli na imetimia, hapo ndo wanamwambia muuzaji hamisha. Jina likifika kwako siku za ukaguzi zinaanza kuhesabika, unakagua, unabonyeza kupokea, muuzaji analipwa. Ndo hivo tu.

Kitu kimoja kinachochelewesha watu wa kwetu ni kitambulisho. Watakuomba pasipoti au NIDA na majina yanatakiwa yafanane na ya akaunti ya benki unayolipia. Yule mama NIDA yake ina majina matatu, akaunti ya benki ina mawili, na la pili limeandikwa kwa R badala ya L kama tulivyo wengi huku. Tulipoteza siku nzima kueleza kwamba ni mtu mmoja. Angalia mapema.

Nitajuaje kampuni ya eskro yenyewe sio feki?

Hapa ndo watu wanapoisha. Tapeli wa siku hizi hakatai eskro, anakubali kwa furaha kabisa, ila eskro yenyewe katengeneza yeye. Ni mdogo wake na ile "ile hela tuma kwenye namba hii", amevaa suti tu.

Kwanza usiingie kwa linki uliyotumiwa na muuzaji wala iliyo kwenye imeili. Andika anuani mwenyewe kwenye brauza, herufi kwa herufi, mana wanapenda kuongeza kistari, kuongeza neno "secure", au kubadilisha herufi moja usiyoiona kwenye kioo cha simu.

Pili, angalia hiyo websaiti ya eskro ilisajiliwa lini. Nenda lookup.icann.org, weka jina la hiyo websaiti, itakuonyesha tarehe. Mteja mmoja aliniletea eskro iliyojisifu ina uzoefu wa miaka 15, tukaangalia, jina lilisajiliwa wiki tatu nyuma. Tulicheka, ila yeye alikuwa keshatoka benki kuulizia dola.

Tatu, leseni. Escrow.com, ambayo ndo wengi wa biashara ya domeini wanaitumia, ipo tangu 1999, ina leseni ya jimbo la California kule Marekani na ilinunuliwa 2015 na kampuni ya Freelancer ya Australia. Leseni unaihakiki kwenye websaiti ya mamlaka iliyoitoa, usiridhike na picha ya cheti iliyobandikwa chini ya ukurasa. Masoko ya majina kama Sedo la Ujerumani na Afternic nayo yana utaratibu wao wa kushika hela kwa majina yanayouzwa kwao.

Na nne, ukiona unaambiwa ulipe kwenye akaunti ya mtu binafsi, au kwa namba ya simu ya mtu, au kwa bitikoini ili "chaji iwe ndogo", funga laptopu nenda kanywe maji.

Muuzaji anasema tutumie eskro anayoijua yeye, nyingine hataki.

Kama anayoijua yeye ni ya kweli sawa, pita kwenye vipimo vya juu. Kama sio, jina zuri lipo lingine.

Kabla sijaweka hela niangalie nini kwenye jina lenyewe?

Angalia kama anayeuza ndo mwenyewe. Zamani ilikuwa rahisi, unaangalia Whois, lile daftari la mtandaoni la wenye majina, unaona jina la mtu na imeili yake. Tangu sheria ya Ulaya ya kulinda taarifa binafsi ianze kufanya kazi Mei 2018 majina mengi yamefichwa, na tangu Januari 2025 mfumo rasmi wa kuangalia hizo taarifa kwa dotcom na wenzake ni RDAP, ambao ndo unaosomwa na ile lookup.icann.org. Utaona msajili ni nani (kampuni ambako jina limeandikishwa), jina liliandikishwa lini, linaisha lini, limefungwa kufuli lisihamishwe au la. Jina la mwenyewe mara nyingi hutaliona. Kwahiyo mwambie muuzaji aweke kitu kidogo kwenye jina, mfano ukurasa wenye neno utakalompa wewe, au rekodi ya TXT, yani mstari wa maandishi kwenye mipangilio ya jina (DNS). Yule Mkanada nilimwambia aandike neno "furu" kwenye TXT, akauliza maana yake nini, nikamwambia ni samaki wadogo wa ziwa letu. Dakika kumi nikaliona. Tapeli mwenye skrinshoti hawezi hicho kitu.

Angalia na historia. Majina yanaibiwa, na jina la wizi linaweza kurudishwa kwa mwenyewe ukabaki unashangaa. Kesi maarufu ni ya sex.com, mwaka 1995 jamaa anaitwa Stephen Cohen alilipata kwa barua ya kughushi, mwenyewe Gary Kremen akahangaika na mahakama miaka, akarudishiwa jina, na 2001 Cohen akaamriwa kulipa dola milioni 65, akakimbilia Mexico. Kwahiyo ukiona jina limebadilisha msajili juzijuzi, wakati lilikuwa limekaa na mtu mmoja miaka kumi na tano, na bei ni ya kutupa, jiulize.

Pitia pia Wayback Machine, ile websaiti inayotunza kurasa za zamani, uone jina lilikuwa linatumika kwa nini huko nyuma. Kama lilikuwa la kamari au la dawa za ajabu, imeili zako zinaweza kuwa zinaangukia kwenye spamu miezi na miezi.

Alafu alama za biashara. Usinunue jina lenye chapa ya kampuni kubwa ukidhani umewahi, wana utaratibu wao unaitwa UDRP tangu 1999, wanakulalamikia, jina linachukuliwa na hela uliyonunulia hairudi. Kwa majina ya biashara za hapa nchini pita BRELA kwanza uone nani kasajili nini.

Nimesikia kuna siku 60, ni za nini?

Ni sheria ya ICANN, shirika linalosimamia majina ya websaiti duniani, kwa dotcom na jamii yake. Jina likitoka kusajiliwa jipya au kuhamishwa toka kwa msajili mmoja kwenda mwingine, linakaa siku 60 bila kuhamishika tena kwa msajili mwingine. Kubadilisha jina la mmiliki nako kunaweza kuwasha hizo siku 60, ingawa wasajili wengine wanakupa nafasi ya kukataa hilo kufuli kabla hujabadilisha.

Kwahiyo mwambie muuzaji asiguse taarifa za umiliki kabla ya kuhama. Wengine wanafanya kwa nia njema kabisa, anakuwekea jina lako kwanza ili ufurahi, matokeo yake jina limeganda miezi miwili na dili yenu ina siku kumi.

Likishaganda bado kuna mlango, mnaweza kusukumiana ndani ya msajili huyohuyo, ambalo ndo swali linalofata.

Kusukuma na kuhamisha vinatofautianaje?

Kusukuma ni we kufungua akaunti kwa msajili yuleyule wa muuzaji, anatoa jina kwenye akaunti yake analiingiza kwenye yako. Mara nyingi ni dakika chache na siku 60 hazizuii. Kuhamisha ni jina kutoka kwa msajili mmoja kwenda kwa mwingine, muuzaji anafungua kufuli, anakupa ile kodi ya kuhamishia (sio kodi ya TRA, msianze kuogopa), unaiweka kwa msajili wako, na inaweza kuchukua mpaka siku tano au sita.

Mi napenda kusukuma kwanza, kuhamisha baadae kwa wakati wako. Yule mama tulihamisha moja kwa moja kwasababu msajili wa yule Mkanada fomu zake zilinishinda, na nilijutia zile siku.

Ile kodi, kwa njia yoyote ile, usiitume kwenye grupu la WhatsApp. Ipo kama ufunguo.

Hela naituma vipi nikiwa Mwanza?

Njia ya kawaida kwa hela kubwa ni benki, uhamisho wa kimataifa wa SWIFT. Kwa hela ndogo kadi inakubalika, na hizi kadi za mtandaoni za kwenye simu zinaweza kupita ila zina kikomo cha kiasi, uliza kabla.

Benki nenda na ankara ya eskro iliyoprintiwa, mkataba wenu hata kama ni wa imeili, na kitambulisho. Watakuuliza hela inaenda kununua nini. Sie tulimwambia dada wa kaunta "jina la websaiti", akatuangalia, akaangalia dola 1,800, akamwangalia mama na kanga yake, akasema ngoja nimwite meneja. Meneja kijana, alielewa haraka.

Sasa sikiliza hii sehemu. Kwenye fomu kuna mahali pa kuchagua nani anabeba chaji za benki za njiani, OUR, SHA (mnagawana) au BEN (anabeba anayepokea). Chagua OUR, yani zote zako. Sie hatukuchagua, wakaweka SHA, benki ya katikati ikakata chake, hela ikafika pungufu dola 22, na eskro hawaanzi mpaka itimie. Kutuma dola 22 kwa SWIFT ilitugharimu zaidi ya dola 22. Tulimalizia kwa kadi.

Na namba ya dili iandikwe kwenye ile sehemu ya maelezo, kama ilivyo, bila kuongeza maneno. Hela isiyo na namba inakaa huko inatafuta mwenyewe.

Chaji za eskro analipa nani?

Mnavyokubaliana. Mnunuzi, muuzaji, au nusu kwa nusu. Ni asilimia ya bei na kuna kiwango cha chini, kwahiyo kwenye vijina vya bei ndogo inauma. Tumia kikokotoo cha websaiti yao kabla ya kutaja ofa yako ya mwisho, sio baada.

Siku za ukaguzi nafanya nini? Si jina limeshafika?

Hapa ndo namwagia watu maji ya baridi. Eskro inakulinda mpaka pale unapobonyeza kupokea. Ukishabonyeza, mama wa chai keshafungua fundo la kanga, hela imeenda, na hata ukilia kwa Kisukuma na Kikerewe hairudi. Na kwenye huduma nyingi ukikaa kimya mpaka siku za ukaguzi zikaisha inahesabika umekubali. Kwahiyo usikubali siku moja, na usiweke ukaguzi wakati unasafiri kwenda Ukara ambako mtandao unauvizia juu ya jiwe.

Unakagua hivi. Ingia kwa msajili kwa akaunti yako mwenyewe, toka, ingia tena. Jina lipo kwenye orodha? Usiamini imeili ya muuzaji kwamba "nimeshatuma", wala imeili inayofanana na ya eskro inayokuambia bonyeza hapa kukamilisha. Badilisha kitu, weka nameserver zako (zile zinazoelekeza jina lifungue websaiti ipi), subiri, angalia kwenye simu nyingine kama websaiti imebadilika kweli, mana anayeweza kubadilisha ndo mwenye mali. Angalia taarifa za umiliki, imeili iliyoandikwa ni yako au bado ni ya muuzaji? Kuna watu jina limeingia kwenye akaunti yao ila imeili ya mmiliki ni ya mtu wa zamani, akitaka kulivuta anajua pa kuanzia. Funga kufuli. Angalia tarehe ya kuisha ni ileile mliyoambiana.

Kama kuna kitu hakijakaa sawa, kataa ndani ya siku zako, kwa maandishi, ndani ya mfumo wa eskro na sio kwa simu. Hela inabaki pale mpaka muelewane, na kama jina lilishafika kwako unatakiwa ulirudishe kwanza.

Majina ya .co.tz je?

Hayo yana utaratibu wake, yako chini ya TCRA (tuliozoea tulikuwa tunasema tzNIC), na hayabanwi na zile siku 60 za ICANN. Unapita kwa wasajili walioidhinishwa hapa nchini. Faida yake ni kwamba muuzaji ni mtu wa kumpigia simu na kumfata. Kabla ya kutoa hela mpigie msajili anayelishikilia uulize wanahitaji nini kubadilisha mmiliki, muuzaji akiwepo kwenye laini.

Hapa niseme kero yangu. Nusu ya kesi za .co.tz zinazonifikia wala sio za kununua, ni mtu kutengenezewa websaiti na fundi, fundi kasajili jina kwa jina lake yeye na imeili yake yeye, wamegombana, sasa mwenye biashara anauziwa jina lake mwenyewe. Mafundi wenzangu acheni hii tabia. Na nyie wateja, siku ya kwanza ulizeni jina limeandikwa kwa nani.

Muuzaji yupo hapahapa Mwanza, bei laki tatu, bado niende eskro?

Chaji itakula faida yote, kaeni meza moja. Tulifanya hivo Kirumba, laptopu mbili zimefunguliwa, mkataba wa ukurasa mmoja wenye namba za NIDA, muuzaji akasukuma jina, mnunuzi akaingia akalikuta, akatoka akaingia tena, ndo akatuma hela kwa simu, meseji ikalia kwa muuzaji, soda zikaagizwa. Ikizidi milioni mbili tatu tafuteni wakili ashike hela na aandike mkataba, yule anapatikana ofisini kwake.

Bei mtaje kwa shilingi. Kanuni za 2025 zinakataza kutaja na kulipa bei za ndani ya nchi kwa fedha za kigeni, kwahiyo Mtanzania anayekuuzia Mtanzania kwa dola anawatafutia wote matatizo.

Naweza kulipa kidogokidogo?

Baadhi ya huduma za eskro zinakubali, jina linashikiliwa na wao, we unaruhusiwa kulitumia huku unalipa kila mwezi, ukimaliza linakuwa lako. Ukikwama katikati jina linarudi kwa muuzaji na ulicholipa kimeenda. Kwa biashara ya dagaa ambayo siku za mbalamwezi kali wavuvi hawashiki kitu, hesabu miezi mibaya, usihesabu mizuri.

Mimi ndo nauza, kuna mtego gani kwangu?

Miwili mikubwa. Wa kwanza, imeili inasema "hela imeingia, hamisha jina". Usihamishe kwa imeili. Ingia kwenye akaunti yako ya eskro kwa kuandika anuani mwenyewe, uone pale kama hela imeshikiliwa. Wa pili, mnunuzi anakupa ofa kubwa mpaka unatetemeka, alafu anasema anahitaji cheti cha tathmini toka kwa kampuni fulani na we ndo ulipie. Hamna mnunuzi hapo, hicho cheti ndo biashara yake. Watu wanasikia voice.com iliuzwa dola milioni 30 mwaka 2019 wanadhani na kajina kao ka "mwanzabestdeals" kanaweza.

Nimeshapigwa tayari. Nifanyeje?

Leo hii, sio kesho. Nenda benki uombe wajaribu kuizuia hela, ukiwahi kuna nafasi. Mwandikie msajili wa jina kitengo cha malalamiko. Toa taarifa polisi, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inahusika, uwe na meseji zote hujafuta kwa hasira. Kama alitumia namba ya simu ya hapa, itume kwa meseji kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli. Na mtu atakaekufata kwenye WhatsApp akisema anaweza kukurudishia hela yako kwa ada kidogo, huyo ni yuleyule au ndugu yake.

Jina limeshakuwa langu, nini kinafata?

Washa uthibitisho wa hatua mbili kwenye akaunti. Washa kulipia kiotomati, au lipa miaka mingi mara moja, dotcom unaruhusiwa mpaka 10 na ni dola kumi na kitu kwa mwaka. Imeili ya akaunti isiwe ya hilohilo jina, mana jina likiisha muda na imeili nayo inakufa, na ujumbe wa kukukumbusha unaenda kwenye imeili iliyokufa. Dotcom ikiisha, baada ya muda wa nyongeza wa msajili inaingia siku 30 za kuikomboa kwa bei ya kuumiza, alafu siku 5 inafutwa, na wapo watu kazi yao ni kusubiri hapo kama korongo kwenye mwalo.

Kwa yule mama ilichukua siku ngapi?

Kumi na nne. Jumatatu masharti, Jumanne benki, Ijumaa tukaambiwa imepungua dola 22, Jumatatu ya pili ikatimia. Jumanne Mkanada akatuma kodi, Jumapili jina likaingia. Siku tano za ukaguzi tulikuwa tumeandikiana toka mwanzo.

Jumapili hiyohiyo jioni alikuja ofisini katokea Mwaloni, harufu ya dagaa imetangulia mlangoni. Nikamwambia mama limefika, tubonyeze. Akasema "subiri mwanangu, nionyeshe lilipoandikwa jina langu." Akavaa miwani, akafata herufi moja moja kwa kidole kwenye kioo, akafika kwenye jina la baba yake akasimama. Nilikuwa nimeweka R. Nikarekebisha ikawa L, akasoma tena toka mwanzo, ndo akachukua mausi akabonyeza mwenyewe.